Siku Mwalimu Eleri Alipokumbuka Bafu Lake

Mwaka aliotimiza miaka hamsini na saba, Eleri Probert aliacha kazi ya kufundisha watoto wadogo katika mji wa Llandysul, huko Wales, akafunga nyumba yake na kwenda kufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja katika kijiji cha milimani huko Guria, nchi ya Jojia. Watu wa kwao walidhani amefiwa au amegombana na mtu. Wala. Alikuwa amechoka tu kujua kila asubuhi siku itakavyokwisha.

Dada yake Mair hakupinga safari, ila alimletea blanketi la umeme, lile la kuchomeka ukutani likapasha godoro joto.

"Huko ni milimani, utaganda," alisema.

"Mair, kuna watu wanaishi huko."

"Wao wamezoea. Wewe miguu yako ni barafu hata mwezi wa saba."

Basi blanketi likaingia sandukuni, pamoja na birika la umeme, hita ndogo na paketi nyingi za majani ya chai, kana kwamba anakwenda mahali ambapo chai haijulikani. Kumbe nyumba aliyopangiwa ilikuwa ya Bibi Tsiala, ambaye alikuwa amechuma chai ya milima ile tangu ana miaka kumi na tano hadi mashamba ya serikali yalipokufa.

Bibi Tsiala alikuwa na miaka sabini na minane, mfupi, kitambaa cheusi kichwani na ulimi usiolala. Aliishi na mwanawe Badri, mfuga nyuki mwenye sauti ya kutikisa vikombe, na mkwewe Irma, ambaye alifundisha Kiingereza shule ile ile aliyokuja Eleri. Irma ndiye aliyekuwa ulimi wa mgeni na masikio yake.

Jioni ya kwanza, saa moja hivi, Eleri alipanda chumbani kwake, akachomeka blanketi, akachomeka hita, akaona na birika nalo lisibaki nyuma. Paliruka cheche ukutani, na nyumba nzima ikawa giza. Si nyumba hiyo tu. Nyumba tatu za jirani zilizokuwa kwenye waya huo huo zilizimika pia, na saa hiyo ndiyo saa ya tamthilia kwenye televisheni, siku ambayo bwana harusi alikuwa ajulikane ni mtoto wa nani. Kelele zilizopanda bondeni zilikuwa za watu waliodhulumiwa.

Irma alikuja na mshumaa. "Mwalimu, umewasha nini?"

"Blanketi."

"Blanketi linawashwa?"

Kutoka chini Bibi Tsiala alisema jambo, na Badri akacheka hadi akakohoa.

"Anasemaje?" Eleri akauliza, uso ukimwaka.

"Anauliza, kwenu kondoo nao wanachomekwa ukutani?"

Hivyo ndivyo kijiji kilivyomjua. Kesho yake asubuhi, kila aliyempita njiani alimsalimia kwa heshima, kisha akaigiza kwa vidole namna ya kuchomeka plagi kwenye kondoo.

Eleri alijitahidi kushikilia mambo yake. Kwao alikuwa amezoea kuwa na chumba chake na mlango wake, na kimya cha jioni akiwa na kitabu. Kumbe mwezi wa kumi na mbili ukiingia, nyumba za Guria zinabaki na chumba kimoja tu, kile chenye jiko la kuni. Humo ndimo watu hupika, hula, hugombana, husahihisha madaftari na kusinzia. Vyumba vingine huachiwa baridi na mapipa ya hasusi, zile kokwa zinazovunwa milimani humo. Eleri alikaa chumbani kwake wiki nzima akiwa amevaa makoti mawili, akisoma kwa glavu.

Siku ya nane Bibi Tsiala alisukuma mlango bila kubisha, akamtazama, akamwambia Irma aliyekuwa nyuma yake, "Muulize anatuchukia, au anatubu dhambi?"

"Mwambie sitaki kuwasumbua," Eleri alijibu.

Bibi alisikiliza tafsiri, akatikisa kichwa. "Tunasumbuka kumwonea huruma kupitia ukutani. Ashuke, mwanangu, ashuke!"

Eleri akashuka, na hakupanda tena hadi maua ya mitufaha yalipochanua, isipokuwa kwenda kulala chini ya mablanketi matatu ya sufu. Pale jikoni alipewa kiti chake kando ya jiko. Mgongo ulipata joto, na mbele yake hapakukosa mkate wa mahindi na maharage yaliyotiwa kokwa za jozi na giligilani. Alishangaa kuona kwamba anaweza kusoma kitabu huku Badri anabishana na redio.

Jambo moja tu halikumwingia, nalo ni kuoga. Kwa mtu aliyekua na ndoo na kopo hili si la kusimulia, lakini Eleri alikuwa amezungusha koki kila asubuhi kwa miaka hamsini. Pale kwa Bibi Tsiala siku ya kuoga ilikuwa Jumamosi. Sufuria kubwa iliwekwa jikoni, watu wakaingia kwa zamu kwenye kibanda cha nyuma chenye sakafu ya mbao na upepo wa kila upande, na kata ya shaba ya kuchotea maji. Eleri aliingia kwanza, akamwaga maji yote kichwani kwa pupa, akabaki na povu hadi masikioni. Irma alimpitishia ndoo nyingine mlangoni, akamwambia, "Kata tatu za kichwa, nne za mwili, moja ya furaha. Ukianza na ya furaha, umekwisha."

Sasa, mwezi wa pili, Eleri alikuwa anafundisha darasa la sita namna ya kusema kwa Kiingereza kwamba unakumbuka kitu kilicho mbali nawe. Aliandika ubaoni mfano wa kwanza uliomjia: *Ninalikumbuka bafu langu.* Akachora bafu, na maji yakimiminika kutoka juu, na mtu anayetabasamu chini yake. Watoto wakanakili. Mmoja akaandika kwamba akienda mbali atamkumbuka ng'ombe wao Pirimze, mwingine akasema atakumbuka mikate ya bibi yake, na darasa likaisha kwa furaha.

Jioni Irma alimkuta Eleri uani. "Ulisema nini darasani leo?"

"Nilifundisha kukumbuka. Kwa nini?"

"Mama mkwe amekwisha kusikia kwa watu sita. Wa kwanza alisema unakumbuka bafu. Wa tatu akasema unalilia bafu. Huyu wa sita, mke wa jirani yetu Otia, anasema ulipiga magoti ubaoni."

Eleri aliingia jikoni mbio. Bibi Tsiala alikuwa ameketi wima, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuhukumiwa.

"Bibi, haikuwa hivyo," Eleri alianza kwa Kijojia chake cha kuokoteza. "Ilikuwa mfano tu. Kuoga vizuri. Kata nzuri sana."

"Mgeni ni wa Mungu," Bibi alisema. "Mungu akiniuliza, 'Tsiala, mgeni wangu alikuwa anakumbuka nini nyumbani kwako?' nimjibu nini? Badri!"

"Naam, mama."

"Jenga bafu."

"Mama, kuna theluji."

"Nimekuambia jenga kaburi? Jenga bafu."

Eleri alisema atachangia gharama. Irma alikataa hata kulitafsiri hilo. "Nikimwambia, atakufa papa hapa, na mazishi yatatuharibia wiki," alisema.

Wapo wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Guria hata siku ya mia na hamsini hapewi. Eleri alilazimika kuliiba. Theluji ilipoyeyuka na Badri kuanza kupanga matofali ubavuni mwa jikoni, alitoka asubuhi na mapema kabla hawajaamka, akachanganya saruji. Walipomkuta, mikono ilikuwa imekwisha kuchafuka, ikawa hakuna la kufanya ila kumwongezea mchanga. Wanaume wa jirani wakaja, mmoja na mlango wa zamani, mwingine na vigae vya kijani vilivyobaki alipofunika choo cha mjomba wake. Darasa la sita likaja baada ya masomo, likapanga mstari na kupitishana matofali, kila tofali likihesabiwa kwa Kiingereza kwa sauti ya juu.

Jioni moja, mikono ikimuuma, Eleri aliketi na Bibi Tsiala wakimenya hasusi. Kijojia kilikuwa kimeanza kumkaa mdomoni, na kwa mara ya kwanza waliongea bila Irma.

"Na wewe, Bibi? Wewe unakumbuka nini?"

Bibi Tsiala aliendelea kumenya. Halafu akasema, "Tskaltubo."

Akamweleza polepole, akirudia maneno magumu. Akiwa na miaka ishirini na sita alichuma chai kuliko mwanamke yeyote wa wilaya, na zawadi yake ikawa kupelekwa siku kumi na mbili mji wa Tskaltubo, penye chemchemi za maji moto. Kulikuwa na nguzo nyeupe, na mwanamke mwenye koti jeupe aliyekuja kumpa taulo yeye, Tsiala, mtoto wa wachunga mbuzi! Aliketi majini hadi vidole vikakunjamana. "Maji yalikuwa yanakuja yenyewe, mwanangu. Hakuna aliyeyabeba. Hakuna aliyeyachemsha. Nilikaa nikafikiri, mikono yangu leo haina kazi."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikarudi, nikaolewa, nikabeba maji miaka hamsini na mbili."

"Kwa nini hukumwambia Badri akujengee bafu zamani?"

Bibi alimtazama kana kwamba ameuliza kwa nini kuku havai viatu. "Bafu halijengwi kwa ajili ya kizee mmoja. Kwa mgeni, linajengwa."

Eleri alimenya hasusi zilizobaki zote, hata zile zilizooza.

Mabomba alipewa Otia, jirani mwenye mashine ya kuchomelea na masharubu ya kujivunia. Alichukua pipa zito la chuma, akaligeuza kuwa tangi, akaliweka juu ya jiko dogo la kuni na kulitobolea bomba la kupumulia. Maji yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani. Kazi ilikuwa safi, ila Eleri alipoizunguka alisimama akakunja uso. Bomba la kwendea bafuni lilitoka chini ya tangi, pembeni tu ya lile la kuingizia maji baridi.

Eleri alikuwa binti wa fundi bomba. Toka ana miaka tisa hadi kumi na sita alikuwa akimshikia baba yake spana na taa kila Jumamosi, chini ya masinki ya nusu ya Llandysul. Alimgusa Otia bega.

"Otia, maji moto hupanda. Bomba hili liende juu."

Otia aliwatazama wenzake. "Mwalimu, wewe na blanketi lako mnajua umeme. Maji niachie mimi."

Wanaume walicheka, na Eleri naye akacheka, kwa kuwa ilichekesha kweli. Jiko likawashwa. Badri, kama mwenye nyumba, alitangaza kwamba hawezi kumtia mgeni hatarini, atajaribu yeye. Akaingia na sabuni, akafunga mlango.

"Yanakuja!" alinguruma kutoka ndani. "Vuguvugu! Otia, Mungu akubariki wewe na masharubu yako! Najipaka sabuni!"

Kisha ulisikika ukelele ambao mbwa wa vijiji viwili waliuitikia. Maji yaliyokuwa yamepata moto chini ya tangi yalikuwa yamekwisha, na sasa chemchemi ya mlimani, ambayo juzi tu ilikuwa theluji, ilikuwa inaingia tangini kwa chini na kutokea pale pale, ikimshukia Badri kichwani. Koki mpya nayo ilikuwa ngumu na mikono ina povu, haikufungika upesi. Badri alitoka amejifunga shuka, mwekundu, povu nyweleni, akauliza kwa upole kuliko alivyowahi kuongea na mtu yeyote:

"Mwalimu alisema nini kuhusu lile bomba?"

Otia alinyoosha mkono wenye spana. Eleri aliipokea. Alilala chali chini ya tangi kama baba yake, akafungua viungo, akaomba katani ya kuzungushia meno ya bomba ili yasivuje, akaizungusha kwa kidole gumba vile vile kama mikono ilivyokumbuka, akakaza. Otia alichuchumaa kando. Mwanzo alikuwa amenuna; baada ya muda alikuwa anashika taa; mwishowe akauliza, "Mbona unazungusha katani kulia?"

"Ukizungusha kushoto, ukikaza inafunguka yote. Tazama."

"Ahaa." Akafikiri. "Nilikuwa nashangaa kwa nini za kwangu zinavuja."

Bafu lilifunguliwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Meza ilitandikwa uani, na kijiji kikaja kizima, na kuku wa mchuzi wa jozi, jibini, na divai ya Badri ndani ya mitungi. Badri alikuwa bwana wa karamu. Akainua bilauri kwa ajili ya amani, halafu marehemu, halafu mgeni, na ya nne akasema, "Kwa maji! Tunayanywea divai ili yasione haya." Kisha akamgeukia Eleri, akaelekeza mkono kwenye mlango wa kijani. "Mwalimu, karibu. Bafu lako."

Eleri alisimama, taulo begani.

"Badri, nikuulize. Hapa kwenu mgeni akiomba kitu, anakataliwa?"

"Hakataliwi!" Badri alijibu kwa fahari. "Omba farasi wangu. Omba mizinga yangu."

"Naomba Bibi Tsiala aingie kwanza."

Bibi Tsiala aliweka uma chini. "Huyu mtoto amekunywa nini?"

"Mgeni ameomba, mama," Irma alisema, akijizuia kucheka, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nimeoga jana!"

"Mgeni ni wa Mungu, mama. Maneno yako hayo."

Bibi alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hana pa kutokea. Akainuka, akamnyang'anya Eleri taulo. "Umenitega," alimwambia. Akaingia, na komeo likasikika.

Karamu iliendelea, lakini hakuna aliyeisikiliza. Wote walikuwa wanasikiliza mlango. Maji yalianza kuporomoka. Badri akaanza kusogeza kiti karibu na mlango. Halafu ndani wakasikia kicheko, si kile cha Bibi Tsiala cha kila siku cha kumkata mtu maneno, bali cha chini chini, cha msichana aliyeguswa mbavuni. Kikaisha, kikaanza tena. Kisha akaimba.

Ulikuwa wimbo wa kuchumia chai, na sauti yake ilikuwa inakwaruza kama kamba ya kisima. Ubeti wa kwanza aliimba peke yake. Wa pili Badri aliingia kwa sauti ya chini, kutoka mezani, akiwa ameinamisha kichwa. Nyimbo za Guria hazikai na sauti mbili. Zinataka ya tatu. Otia alijifuta masharubu, akatupa kichwa nyuma, akatoa ile sauti ya juu inayorukaruka kama jogoo aliyepanda paa. Watu watatu, mmoja nyuma ya mlango chini ya maji, wakauimba hadi mwisho, wala hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Alitoka baada ya dakika arobaini. Kitambaa cheusi kilikuwa mkononi, nywele nyeupe zimemwagika mgongoni, na wengi pale walikuwa hawajawahi kuziona. Mvuke ulimtoka mabegani. Alikwenda moja kwa moja kwa Eleri, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili iliyokunjamana vidole.

"Yanakuja yenyewe," alimwambia.

Eleri aliingia wa nne, baada ya Irma na Badri, maana Badri alidai analidai bafu lile fidia. Maji yalikuwa yamebaki vuguvugu. Saruji ilikuwa bado inanuka ubichi, moshi wa kuni ulikuwa unapenya chini ya mlango, na nje walikuwa wamefika kwenye wimbo wa tano. Alisimama chini ya maji akijaribu kukumbuka hata siku moja aliyooga nyumbani kwake Llandysul. Zilikuwa maelfu. Alikumbuka vigae, alikumbuka chupa ya shampuu, lakini yeye mwenyewe hakujiona humo. Alikuwa daima amekwisha kufika shuleni, anaita majina ya watoto huku bado yuko majini. Akacheka, kisha akafunga maji kabla hayajaisha, kwa kuwa mke wa Otia alikuwa anagonga.

Mwezi wa sita alirudi Wales kwa mapumziko. Asubuhi ya kwanza, nyumbani kwa Mair, alikaa bafuni hadi dada yake akapiga mlango kwa ngumi.

"Eleri! Umezimia?"

"Naoga!"

"Unaimba!"

"Vyote viwili!"

Wakati wa kifungua kinywa Mair alimtazama akiwasha na kuzima taa ya jikoni mara mbili, akimwaga maji kwenye birika kama mtu anayemimina maziwa. "Wamekufanya nini huko?" akauliza.

"Wamenipa kiti kando ya jiko," Eleri alisema. "Mwezi wa tisa narudi. Nimeshatia sahihi mwaka mwingine."

"Na miguu yako je?"

"Kule jikoni kuna mbwa anailalia."

Alirudi kweli, na safari hiyo sanduku lilikuwa na koki sita za shaba na vichwa vitatu vya kumwagia maji, kwa kuwa Otia alikuwa ameandika orodha. Kumbe kijiji hakikulala. Mke wa Otia alikuwa amesema hawezi kuishi na fundi wa mabafu nyumbani kusiko na bafu, na baada yake jirani wawili wakaona aibu kubaki nyuma. Kufikia Pasaka iliyofuata nyumba nne zilikuwa na maji moto, na kila bafu lilifunguliwa kwa karamu, bibi wa nyumba akiingia wa kwanza, hiyo ikawa ndiyo sheria.

Katika kila karamu, bilauri ikiwa imejaa, Otia alisimama na kuwasimulia wageni, mkono begani mwa Eleri, jinsi alivyomfundisha mwalimu kutoka Wales kuzungusha katani kulia.